UZI: Kano ya goti iliyokatika zamani ikaachwa. Inaungwa vipi, na kwa nini si kazi ile ile ya kano iliyokatika jana

Fundi_Goti (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nafanya kazi ya mazoezi tiba, fiziotherapia, na sehemu kubwa ya siku yangu ni magoti. Kuna kundi moja la wagonjwa linaniuma roho. Mtu aliumia goti mwaka jana, akaambiwa "umeteguka tu", akafungwa bendeji, akapewa dawa ya maumivu, nyumbani akachuliwa na mafuta ya moto. Maumivu yakaisha, lakini mguu haujawahi kurudi kazini. Anashuka ngazi kwa kushika ukuta. Kwenye tambarare anatembea akiutupa mguu mbele umenyooka, na akijisahau goti linamkunjikia, yuko chini.

Mbele ya paja kuna msuli mkubwa wenye vichwa vinne. Ukishuka unakuwa kano nene inayoshika ukingo wa juu wa pia ya goti. Chini ya pia inatoka kano nyingine, fupi, inayokwenda kujishika kwenye kile kinundu cha juu ya muundi (pale ambapo watoto wa shule wanaocheza sana mpira huvimba na kulalamika). Ikikatika mojawapo ya hizo kano mbili, goti haliwezi kujinyoosha lenyewe. Linakunjika vizuri tu, kuninginia linaninginia, ila kunyooka kwa nguvu zake hakuna.

Kano ya juu mara nyingi hukatika kwa watu waliovuka miaka 40. Anateleza kwenye ngazi, mwili unarudi nyuma, goti linajikunja huku msuli unajikaza kumzuia asianguke. Hapo ndipo inaachia. Wengi wao wana kisukari, ugonjwa wa figo, gauti, au wametumia steroidi muda mrefu, kwa hiyo kano ilishachoka kabla ya siku hiyo. Kano ya chini ni ya vijana zaidi, wale wa kuruka na kutua.

Inapitwaje hospitali? Kirahisi sana. Goti linajaa damu, linavimba, ule mwanya wa kano unafichika. X-ray inapigwa, mfupa hauna ufa. Asubuhi hiyo kuna foleni ya watu waliovunjika kweli kweli. Mgonjwa anaweza kusimama, tena anaweza kujiburuza hadi kwenye bajaji. Anaruhusiwa.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Mtu alale chali, goti limenyooka, ainue mguu mzima mpaka kisigino kiache kitanda, bila kushikiwa. Halafu akae ukingoni mwa meza, miguu ikining'inia, anyooshe goti. Asipoweza kabisa, au akinyoosha likabaki limepinda na haliendi zaidi, basi neno "kuteguka" lisitumike mpaka daktari wa mifupa amemshika. Siku ya kwanza maumivu yanaweza kumdanganya mtu, kwa hiyo kipimo kirudiwe uvimbe ukipungua. Altrasaundi huonyesha kano vizuri, MRI (picha ya mashine ya sumaku) inaonyesha zaidi, hasa ukitaka kujua msuli umebaki na hali gani.

Sasa kiini cha uzi. Kano ikishonwa ndani ya wiki 2 hadi 3 za mwanzo, ncha mbili bado zinafikiana. Zikipita kama wiki 6, msuli umeshajivuta juu na kufupika, makovu yamejaa katikati, na pengo linaweza kufika sentimita 5. Hapo unajenga upya, habari ya kushona imepita. Inawezekana, na watu wanatembea. Ila ni upasuaji mwingine na mazoezi mengine.

Ulizeni, nitajibu nikitoka kazini.

---

Mla_Korosho

Naweka kambi hapa. Mkuu shusha nondo.

---

Binti wa Chang'ombe

Kaka Fundi, shukrani. Umemwelezea baba yangu bila kumjua. Ana miaka 58, ana kisukari. Aliteleza msikitini akitoka kutawadha, huu ni mwezi wa tano. Juu ya pia ya goti pana shimo, kidole kinaingia. Mguu hauinuki. Tuliambiwa ni uzee na uzito. Je, kwa hali hiyo bado kuna la kufanya, au ndio tumzoeshe gongo?

---

Fundi_Goti

Dada, msalimie sana mzee, shikamoo yake. Shimo juu ya pia na mguu usioinuka, huo ni mwelekeo wa kano ya juu kukatika. Mpelekeni kwa daktari bingwa wa mifupa, si zahanati, na mseme maneno hayo hayo: hawezi kuinua mguu ukiwa umenyooka tangu siku alipoteleza.

Kinachofuata kinategemea watakachokikuta wakifungua. Kwanza daktari anaachanisha makovu, maana msuli unakuwa umegandana na mfupa wa paja. Ukishaachia, anauvuta chini taratibu aone unafika wapi.

Ukifika kwenye pia, ni bahati. Anasafisha ncha ya kano mpaka akute nyama hai, anatoboa matundu 3 membamba kwa urefu wa pia, kutoka juu hadi chini, anapitisha nyuzi nene zisizoyeyuka na kuzifunga upande wa chini. Siku hizi wengine hutumia skrubu ndogo zenye uzi badala ya matundu. Kwa goti lililokaa muda mrefu hawaishii hapo, wanaongeza nguvu. Wanachonga kipande cha pembetatu kutoka kwenye kano yenyewe, nusu ya unene wake, wanakigeuza chini kama unavyokunja kola ya shati na kukishona juu ya kiungo kipya. Njia hiyo inaitwa ya Scuderi.

Usipofika, kuna njia ya Codivilla. Kano na msuli vinakatwa kwa umbo la V iliyopinduliwa, safari hii unene wote, ili ule upande wa chini uteleze ushuke mpaka kwenye pia. Pale juu palipoachana panashonwa ubavu kwa ubavu, V inageuka Y. Umepata urefu, lakini umeulipia kwa nguvu ya msuli. Na kama tishu ni mbovu kabisa, wanachukua kano mbili nyembamba za nyuma ya paja na kuzipitisha ndani ya pia.

Kuhusu kisukari: sukari ishuke na itulie kabla ya tarehe ya upasuaji. Ngozi ya mbele ya goti ni nyembamba, chini yake hakuna nyama ya kuficha kosa, na kidonda kikikataa kufunga pale kila kitu kilichojengwa ndani kiko hatarini. Daktari akisema "turudi sukari ikitulia", msimwone mzembe.

---

Beki Mstaafu

Mimi nauliza ile ya chini. Nilicheza daraja la pili, nilitua vibaya baada ya kupiga kichwa. Nikasikia mlio, nikageuka nyuma nikidhani nimepigwa rungu, hakuna mtu. Mpaka leo pia ya goti la kushoto iko juu kuliko ya kulia. Nikikaa zote mbili zinaonekana wazi haziko sawa.

---

Kijiwe_cha_Kahawa

Hiyo ni ACL mkuu. Wachezaji wote ni ACL.

---

Fundi_Goti

Kijiwe, hapana. ACL ni kano nyingine, iko ndani ya goti, kazi yake kuzuia muundi usisogee mbele. Mwenye ACL iliyokatika anainua mguu bila shida, shida yake ni kugeuka na kubadili mwelekeo. Pia ya goti kupanda juu ni jambo lingine.

Beki, kano ya chini ikikatika hakuna tena kinachoishikilia pia, na msuli wa paja unaivuta juu. X-ray ya goti iliyopigwa kutoka upande inatosha kuipima: unalinganisha urefu wa kano na urefu wa pia, ambao kawaida unakaribiana, yaani uwiano wa kama 1. Kipimo hicho kinaitwa Insall-Salvati na kinatumika tangu 1971. Goti zima la upande wa pili lipigwe picha pia. Hilo ndilo ramani ya daktari, kwa sababu kwenye goti bovu alama zote zimeshahama.

Ugumu wa upasuaji wako uko hapo. Kabla ya kuweka kano mpya, pia iteremshwe mahali pake, na msuli uliofupika hautaki. Zamani baadhi ya madaktari walikuwa wanapitisha chuma kwenye pia na kuivuta kwa uzito kitandani kwa siku nyingi kabla ya upasuaji. Sasa wengi wanaiachanisha na kuishusha siku ile ile mezani. Halafu wanavuna kano za nyuma ya paja, semitendinoso na grasilisi, mara nyingi wakiziacha zimeshika kwenye muundi kule chini, wanazipitisha kwenye tundu la kinundu na tundu la pia kuunda kano mpya. Njia hii si ya jana: Kelikian na wenzake waliielezea 1957 kwa kano moja, Ecker na wenzake 1979 kwa mbili. Mara nyingi unazungushwa vilevile waya au uzi mnene kutoka kwenye pia hadi kwenye muundi, ubebe mzigo wakati kano inashika. Waya huo unaweza kukatika baadaye au kuhitaji kutolewa, muulize daktari wako mapema usije ukashtuka ukiuona umekatika kwenye picha.

Pia ikiwekwa chini mno, goti litagoma kukunja na litauma. Ikiachwa juu mno, nguvu ya kunyoosha haitoshi.

---

Kijiwe_cha_Kahawa

Nimekubali yaishe. Lakini Ronaldo yule wa Brazil si ni goti hili hili?

---

Fundi_Goti

Ndiyo, kano ya chini ya goti la kulia. Iliumia Novemba 1999 Inter wakicheza na Lecce, akafanyiwa upasuaji, akarudi Aprili 2000 kwenye fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Dakika chache tu baada ya kuingia, ikakatika kabisa wakati anavuka mguu juu ya mpira. Hakuguswa na mtu. Daktari Gérard Saillant wa Paris akamrudisha mezani, akakaa nje zaidi ya mwaka, na 2002 akafunga mabao 8 Kombe la Dunia, mawili kwenye fainali na Ujerumani.

Lakini watu wakileta mfano wa Ronaldo kwenye uzi kama huu mimi nasita. Yule alikuwa kwa daktari haraka, tena mara zote mbili. Hata Bill Clinton, Machi 1997 akiwa rais wa Marekani, alipojikwaa kwenye ngazi Florida nyumbani kwa mcheza gofu Greg Norman, kano yake ya juu ilishonwa siku hiyo hiyo, na siku chache baadaye akasafiri kwenda Helsinki kuonana na Rais Yeltsin wa Urusi akiwa bado hawezi kuutegemea mguu ule. Hakuna aliyemwambia aende akachuliwe kwanza aone. Beki wetu amekaa miaka. Ni hesabu tofauti.

---

Mjukuu_wa_Mganga

Mmezidi kudharau wazee. Bibi yangu alichua goti la jirani kwa majani na mafuta ya nazi, akawa mzima, anapanda mnazi. Nyie kila kitu kisu.

---

Fundi_Goti

Sijadharau mtu. Kano iliyochanika kidogo inapona bila kisu, hata hospitali tunaifunga goti likiwa limenyooka kwa wiki kadhaa halafu mazoezi. Jirani huenda alikuwa na ya namna hiyo. Swali langu kwa bibi, kwa heshima zote, ni moja: yule jirani siku ya kwanza aliweza kuinua mguu? Kama aliweza, kuchua hakujamharibia. Kama hakuweza, zile ncha mbili zilikuwa zimeachana na hakuna mkono unaoweza kuzirudisha kwa kupapasa juu ya ngozi. Kinachopotea hapo ni wiki zile 3.

---

Nakuru_Mjini

Niaje wakuu, niko Kenya. Huku mzee wetu aligongwa na nduthi (pikipiki), akafungwa plasta mguu wote miezi miwili kwa sababu walisema ni ufa mdogo. Plasta ilipotolewa paja lilikuwa jembamba kama mkono. Sasa daktari mpya anasema kano. Swali: hilo paja litarudi kuwa kubwa?

---

Fundi_Goti

Karibu ndugu. Litarudi kwa sehemu. Msuli uliokaa miezi bila kuvuta kitu unapungua, na baadhi ya nyama inabadilika kuwa mafuta, hiyo ndiyo MRI inayoonyesha. Ile iliyogeuka mafuta usiihesabu sana. Hata mzee akisubiri tarehe ya upasuaji asikae tu: akunje goti na kulinyoosha kwa kusaidiwa na mkono au mguu mwingine, aende mezani likiwa linakunja vizuri. Goti likiingia kwenye upasuaji likiwa gumu, litatoka gumu zaidi.

---

Dawa_Baridi

Samahani naingilia. Kuna mtu aliniambia sipro inakata kano. Mimi nauza duka la dawa, watu wanainunua kila siku kwa tumbo na mkojo. Ni kweli au stori za mtandaoni?

---

Fundi_Goti

Ni kweli, ingawa ni nadra. Siprofloksasini na ndugu zake wa kundi moja wanahusishwa na kano kuvimba na kukatika, zaidi ile ya kisigino, lakini hata za goti. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo zito kwenye paketi zake 2008. Hatari inapanda kwa waliozidi miaka 60, wanaotumia steroidi, na waliopandikizwa figo, moyo au mapafu. Kwa hiyo mzee wa prednisoloni, ambayo ni steroidi, akija kuomba sipro bila cheti, mrudishe kwa daktari. Umeuliza swali zuri kuliko wengi humu.

---

Mtanga_Minnesota

Nimesoma uzi wote nikiwa na barafu gotini. Mimi niko Marekani, kano ya chini ilikatika mara mbili, ya pili nilichelewa kwa sababu ya bima. Mimi nimewekewa kano ya marehemu. Ni kano ya kisigino, inakuja na kipande cha mfupa wa kisigino. Ule mfupa wameuchimbia kwenye muundi na kuukaza kwa skrubu, halafu kano ikapandishwa juu ya pia na kushonwa mpaka kwenye msuli. Mama alipoambiwa alinyamaza kwenye simu muda mrefu, halafu akauliza kama huyo marehemu alikuwa Mwislamu.

---

Mla_Korosho

😂😂 Mama kauliza la msingi. Hivi haikataliwi na mwili kama figo?

---

Fundi_Goti

Mla Korosho, inaoshwa, inachunguzwa maambukizi na kugandishwa. Chembe hai za mwenyewe zinakuwa zimekufa, inabaki kamba ambayo mwili wako unaijaza chembe zako polepole. Hakuna dawa za kumeza maisha yote kama za figo. Inashikana polepole kuliko kano yako mwenyewe, na huko Marekani wana benki za tishu zinazoihifadhi. Huku kwetu, mazungumzo yako na daktari kwa kawaida yatakuwa kuhusu kano za paja lako mwenyewe.

Mtanga, uko jirani na hospitali ya Mayo Clinic. Wenyewe ndio waliotangaza 2011 njia ya kutumia wavu wa plastiki kwa wagonjwa ambao kano imekatika na tayari wana goti la bandia, kundi gumu kuliko yote. Wavu unakunjwa kama bomba, unakazwa kwenye muundi na kushonwa kwenye msuli.

---

Sele wa Temeke

Mimi nimeshafanyiwa, kano ya juu, miezi minane ilikuwa imepita. Niko wiki ya nane baada ya upasuaji. Kinachonichanganya ni kwamba kabla ya upasuaji goti lilikuwa linakunja lote, sasa halifiki hata nusu. Nimelipa nipate ulemavu mpya? Na nikinyoosha linabaki limepinda kidogo.

---

Fundi_Goti

Sele, pole, na usikate tamaa. Kabla ya upasuaji lilikunja lote kwa sababu hakuna kilichokuwa kinalizuia. Sasa kuna kano, tena imekazwa makusudi, kwa maana kano iliyojengwa upya hulegea kidogo ikianza kutumika. Ukiona imelegea tangu mwanzo, hiyo ndiyo ya kuogopa.

Kwa goti lililochelewa, wiki 6 za mwanzo mguu unakaa umenyooka kwenye bresi (kifaa cha kufunga goti lisikunje) au hogo, unakanyagia magongo. Madaktari wengine wanaruhusu kukunja kidogo mapema, digrii 30 hivi, wengine hawataki kabisa, fuata yule aliyekufungua kwa sababu yeye ndiye aliyeona nyuzi zilivyoshika. Baada ya hapo unaongezewa digrii taratibu. Kwa wengi wiki ya nane kutofika 90 ni kawaida. Asije ndugu akakukalia mguuni kuukunja kwa nguvu. Hilo nimeliona, na goti likarudi thieta.

Kule kupinda unakokuona unaponyoosha ndiko nakotaka ukufanyie kazi kila siku kuliko kukunja. Kunja taulo dogo liwe kama andazi nene, liweke chini ya goti, kandamiza taulo kuelekea kitandani huku kisigino kinanyanyuka. Shika, hesabu polepole, achia. Weka kiganja juu ya goti kwa ndani: pale chini kwenye kona ya ndani ya paja ndipo msuli unachelewa kuamka, na utausikia unatetemeka kama unakataa. Ukitetemeka ni vizuri, unafanya kazi. Usipoukaza kabisa hata kwa kutetemeka, mwambie mtaalamu wako, kuna mashine ya umeme mdogo ya kuuamsha.

Usisahau na hili: mtu akifungwa mguu muda mrefu damu inaweza kuganda. Kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, au kifua kikibana ghafla, hospitali usiku huo huo. Usisubiri siku ya kliniki.

Matarajio ya kweli: kutembea bila gongo wengi wanafika. Nguvu inaendelea kujengeka mpaka miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Wengine wanabaki na digrii chache zisizonyooka, na mguu dhaifu kuliko mwenzake. Waliowahi wiki za mwanzo wanapata matokeo mazuri kuliko waliochelewa, sitakudanganya.

---

Binti wa Chang'ombe

Na kama baba akikataa kisu? Maana ameshaanza kusema amri ya Mungu.

---

Fundi_Goti

Ni haki yake, na kuna watu ambao mimi mwenyewe nisingewasukuma: moyo mbovu, sukari isiyoshikika, mtu asiyetembea zaidi ya kitandani hadi chooni. Kuna bresi inayofungwa goti likiwa limenyooka wakati wa kutembea na kufunguliwa akikaa. Haiponyi kano, inamzuia asianguke, na kwa mwenye kisukari kuanguka ndiko kunakoleta nyonga iliyovunjika. Lakini kwanza amsikilize daktari ana kwa ana, aulize maswali yake mwenyewe. Wazee wengi wanakataa kwa sababu watoto ndio walioongea kwa niaba yao. Mwulize pia kuhusu sindano ya ganzi ya mgongo, wengi wanaogopa nusu kaputi kuliko kisu chenyewe.

---

Sele wa Temeke

Asante Fundi, nimepumua. Swali la mwisho: mimi ni bodaboda. Narudi lini barabarani?

---

Fundi_Goti

Mguu gani?

---

Sele wa Temeke

Kulia.

---

Fundi_Goti

Basi ndio mguu wako wa breki ya nyuma. Usiangalie kalenda. Kaa kwenye pikipiki imezimwa, imesimama kwenye stendi ya kati, nikuone ukikanyaga breki ghafla na kuishikilia bila goti kutetemeka. Halafu ishuke stendi, uegemee kulia mzigo wote ukiwa juu yako, kama vile umesimama taa nyekundu na abiria mnene nyuma. Ukimudu, tutazungumza na daktari wako. Kiki usiipige hata siku hiyo, tafuta ya kuwasha kwa kitufe. Na njoo Jumatatu na ile bresi, nimeona kwenye picha uliyonitumia imefungwa juu chini.